Fungueni Masanduku: Maneno kwa Wanaosubiri Familia

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya mkutano wa ndugu wa Afrika Mashariki tunaoishi Leicester, Uingereza, na miji ya jirani. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo, wakaomba wasikose.

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu mliotutangulia katika mji huu, mama zangu, kaka zangu na dada zangu, na hasa ninyi mliofika mwaka huu, ambao mnarudi kutoka kazini na kufungua mlango wa chumba kisicho na mtu huku wenzi wenu na watoto wenu wakiwa Dodoma, Mombasa, Bukavu au Kampala: nashukuru kwa kupewa nafasi hii, na maneno yangu ya leo ni yenu kwanza.

Niliondoka Tanga mwezi wa Agosti mwaka 2022. Nilimwacha mume wangu, mwanangu wa kiume aliyekuwa na miaka sita, na binti yangu wa mwaka mmoja na miezi miwili, ambaye nilimwachisha kunyonya wiki tatu kabla ya safari. Wengi huniuliza: wewe ni muuguzi, sheria ilikuruhusu kuja na familia, mbona hukuja nayo? Wanaouliza hivyo hawajui kwamba muuguzi anayetoka nje hasajiliwi siku anayotua. Kwanza hufanya mtihani wa vitendo, ule wa OSCE, na mpaka aufaulu na jina lake liingie kwenye daftari la wauguzi, hulipwa mshahara wa daraja la chini. Ukijumlisha nauli za watu wanne, ada za viza na pango la nyumba ya kuwatosha, utaona kwa nini mimi na mume wangu tulikubaliana nitangulie kwa miezi sita. Miezi sita ikawa kumi na tisa.

Miezi kumi na tisa, ndugu zangu. Katika miezi hiyo nilijifunza kwamba kusubiri kwenyewe ni kazi, na kwamba nilianza kuifanya kazi hiyo vibaya sana. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Nilipofika nilipanga chumba cha juu katika nyumba tuliyoishi watu watano. Sanduku langu nililisukuma chini ya kitanda, na kwa miezi saba sikulifungua likaisha. Nilikuwa nalivuta, natoa nguo za siku hiyo, nalifunga, nalirudisha. Dirishani nilitundika shuka kwa misumari miwili badala ya pazia. Nilikuwa na sahani moja, kijiko kimoja na kikombe kimoja. Nilijiambia kwamba ninabana matumizi, na kweli nilikuwa nikibana, lakini pazia la mtumba lingenigharimu nini? Ukweli ni kwamba nilikataa kukaa. Kila jambo nilikuwa na jibu lake moja: wakija. Nitanunua wakija. Nitawajua majirani wakija. Nitatembea mjini wakija. Nilikuwa naona kama nikiweka pazia nitakuwa nimekubali kwamba nimewaacha.

Je, hamlijui jambo hili? Hakuna aliyeketi hapa ambaye sanduku lake bado liko chini ya kitanda?

Nikaugua homa mwezi wa Machi. Mama mmoja wa Mombasa, aliyekaa mji huu tangu kabla sijaanza shule, alisikia kwamba kuna msichana wa Tanga amelala peke yake, akaja na uji wa pilipili manga ndani ya chupa ya chai. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akatazama lile shuka dirishani, akatazama sahani moja, kisha akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, watoto wako wakishuka kesho, utawaonyesha nini? Njia ya kwenda kazini?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa miezi saba nilikuwa najua njia moja tu, ya basi la kwenda hospitali na kurudi. Sikujua shule iko wapi. Sikujua maktaba iko wapi. Sikujua wapi mtoto anaweza kucheza mvua ikinyesha siku tatu mfululizo. Nilikuwa nimewaandalia wanangu pesa, na mji wa kuwapokea sikuwa nimeuandaa hata mtaa mmoja.

Nilipopona nikaanza kutembea. Kila siku ya mapumziko nilichagua barabara moja, nikaitembea mpaka mwisho. Siku moja nikiwa mtaa wa Belgrave, kwenye yale maduka ya dhahabu na viungo, niliingia kutafuta iliki. Mzee wa Kihindi aliyekuwa nyuma ya meza alinisikia nikizungumza na mume wangu kwenye simu, akaningoja nimalize, akasema: “Karibu, dada. Habari za nyumbani?” Kiswahili chake kilikuwa kimekaa miaka hamsini bila kupoteza adabu. Alizaliwa Jinja.

Mzee yule alinieleza jambo ambalo kila mmoja wetu anayesubiri mtu katika mji huu anapaswa kulijua. Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Watu wapatao 28,000 walikuja Uingereza, na maelfu kati yao walikuja hapa hapa Leicester, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, mwezi wa Septemba mwaka huo, kuwataka wasije. Lakini si kila familia ilifika pamoja. Walikuwepo wanaume waliobaki bila uraia wa nchi yoyote, ambao walipelekwa kwenye kambi za muda katika nchi nyingine za Ulaya, huku wake zao wenye pasi za Uingereza wakiwa huku na watoto. Wanawake wale walikaa hapa wakisubiri waume, kama sisi tunavyosubiri. Walisubiri kwa barua, bila simu ya picha.

Nikamuuliza mzee: walifanya nini walipokuwa wakisubiri? Akacheka kidogo, akasema: “Walifanya kazi viwandani, na jioni walipika chakula kingi kuliko cha kuwatosha, ili jirani aje.” Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Mama zangu, kaka zangu, jirani aje! Mimi nilikuwa na sahani moja.

Jioni ile nilinunua sahani nne. Nililifungua sanduku nikalitoa tupu nje ya chumba. Nikanunua pazia. Na wiki iliyofuata nikawaalika wenzangu wawili wa wodini kula wali wa nazi, wakakaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

Sasa niseme kuhusu nyaraka, kwa sababu upendo mtupu hauvushi mtu uwanja wa ndege. Nawaomba wenye karatasi na kalamu waandike.

Jina la babu yake mwanangu lilikuwa na herufi L mbili kwenye cheti cha kuzaliwa, na moja kwenye pasi. Herufi moja. Hatukuiona sisi, na aliyetoa pasi hakuiona. Tuliigundua siku tulipokuwa tunajaza fomu za maombi ya viza, na kuisahihisha kulituchukua zaidi ya miezi mitatu ya kwenda na kurudi madirishani. Kibaya zaidi, mume wangu alikuwa amekwisha kupima kifua kikuu. Watanzania na Wakenya wanaokuja kukaa huku zaidi ya miezi sita wanatakiwa kuwa na cheti cha kipimo hicho kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na cheti hudumu miezi sita tu. Tulipomaliza kuisahihisha ile herufi, cheti kilikuwa kimeisha muda. Tukapima upya, tukalipa upya. Kwa hiyo nawaambia: anzeni na majina. Wekeni vyeti vyote mezani leo, vya kuzaliwa, vya ndoa, na pasi, msome herufi kwa herufi kwa sauti, huku mwenzako akisoma nakala yake upande wa pili wa simu. Kama ndoa yenu ni ya msikitini au kanisani na haijaandikishwa serikalini, iandikisheni sasa. Kipimo cha kifua kikuu kiwe cha mwisho, nyaraka nyingine zote zikiwa tayari. Na zile fedha za kuonyesha kwamba mtaweza kujikimu, ambazo ni pauni 285 kwa mwenzi, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila mtoto anayefuata, zikae benki siku 28 bila kuguswa, isipokuwa mwajiri wako amekubali kukudhamini kwa maandishi.

Kuna ndugu zetu ambao jambo hili kwao ni gumu zaidi, na siwezi kulipita kimya. Wahudumu wa nyumba za wazee waliopata viza kwa maombi ya kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mwenzi wala watoto. Familia yangu ilitua mwezi huo huo wa Machi. Mimi ni muuguzi na katazo halikunihusu, lakini tulipokuwa tunashangilia, mwenzangu tuliyekuwa tukiishi nyumba moja alikuwa akilia chumba cha pili. Na kwa wale wenye ukazi wa kudumu au uraia wanaotaka kuleta wenzi, kipato kinachotakiwa kilipandishwa tarehe 11 Aprili mwaka huo huo kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Nawasihi, msimpe fedha mtu anayewaahidi njia ya pembeni. Hapa Uingereza ushauri wa uhamiaji hutolewa na wakili au mshauri aliyesajiliwa, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Anayekataa kukuonyesha usajili wake, muage. Nimeona watu wamepoteza akiba ya miaka miwili kwa ahadi iliyotolewa ndani ya gari.

Mambo ya nyumba nitayagusa kwa haraka. Dhamana ya pango haizidi wiki tano za pango kwa nyumba zetu za kawaida, na mwenye nyumba anatakiwa kuiweka katika mfuko wa hifadhi ndani ya siku 30, muombe uthibitisho. Ukiwa mtu mzima peke yako nyumbani unapunguziwa robo ya kodi ya halmashauri, na mwenzi wako akifika waarifu mapema, msije mkadaiwa nyuma. Mita ya umeme au gesi ya kulipia kabla itawakumbusha LUKU ya Tanzania, lakini baridi hula salio kwa namna ambayo LUKU haikutuzoesha. Na msichukue nyumba yenye ukungu wa maji ukutani kwa sababu ni ya bei nafuu, maana mtakaowalaza humo ni watoto waliozoea joto.

Na jua. Mwezi wa Desemba hapa jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu anaingia zamu gizani na kutoka gizani. NHS, huduma ya afya ya taifa ya huku, inatushauri wenye ngozi nyeusi tutumie vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima. Tumieni. Na ukiona huzuni imekaa wiki baada ya wiki, huli, hulali, nenda kwa daktari wako wa mtaa ukaseme hivyo hivyo kwa maneno hayo. Mimi nahudumia wagonjwa, na nilikawia kusema. Wewe usikawie.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua moyo kuliko yote, nalo ni simu.

Tunaamini kwamba simu inatushikilia pamoja. Ni kweli, lakini inashikilia nini? Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi tunapishana na nyumbani Tanzania saa tatu. Miezi mingine saa mbili. Nilikuwa natoka zamu ya mchana saa mbili usiku, na Tanga ilikuwa saa tano. Watoto wamelala. Kwa hiyo niliwapata siku za mapumziko tu, na kila nilipowapata niliuliza maswali yale yale: umekula? Umesoma? Unamsikiliza bibi? Mwanangu alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Baada ya miezi kadhaa akawa haji kwenye simu. Anaambiwa mama anapiga, anakimbilia nje. Nilimlaumu baba yake. Nikamlaumu bibi. Mwishoni mama mkwe wangu, kwa heshima yake yote, aliniambia: “Mwanangu, unamfanyia mtoto ukaguzi.”

Ukaguzi! Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa neno la kweli.

Nikabadilika. Nikaacha kuuliza, nikaanza kuonyesha. Yale matembezi yangu ya barabara nikayafanya na mwanangu mkononi, kwenye simu. Tazama kindi huyu. Tazama basi la ghorofa, nipande juu au nikae chini? Hii ndiyo shule, na huku watoto huwekwa darasa kwa umri wao, kwa hiyo usiogope kwamba watakurudisha nyuma kwa sababu ya Kiingereza. Akaanza yeye kunionyesha vyake: jino lililong'oka, kuku wa bibi, daftari lenye masahihisho mekundu ambalo zamani alilificha. Alipofika Leicester aliifahamu njia ya maktaba kabla hajaikanyaga.

Kwa mume wangu kosa langu lilikuwa jingine. Nilikuwa namficha. Nilimtumia picha nikiwa nimevaa koti zuri, mbele ya majengo mazuri, na sikumwambia kwamba nyumba ile bafu ni moja kwa watu watano. Yeye, kwa kuona picha zile, alileta orodha: mabati, ada, mchango wa harusi ya binamu, pikipiki ya mdogo wake. Nilituma, na nilipotuma nilinuna. Je, ni yeye aliyekosea? Angejuaje?

Usiku mmoja nilikaa nikafungua hati yangu ya mshahara mbele ya kamera, mstari kwa mstari. Hii ndiyo kodi ya mapato. Hii bima ya taifa. Hii pensheni. Hili pango. Hii nauli ya basi. Hiki ndicho kilichobaki. Mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kesho yake alituma ujumbe mfupi: “Ada ya muhula huu nimelipa mimi. Usitume.” Pikipiki hatukuizungumza tena. Tangu siku ile tulisubiri wawili. Kabla yake kila mmoja alikuwa akisubiri peke yake.

Ninyi mnaoficha kwa nia njema, wakati wao wa kuujua ukweli ni sasa, wakiwa nyumbani kwao wenye watu wa kuwafariji. Msiwaache waukute uwanja wa ndege. Mume wangu alikuwa fundi mkuu mwenye vijana sita chini yake. Huku alikaa miezi minne akipeleka watoto shule na kupika, akiwa hamjui mtu. Alivumilia kwa sababu alikuwa amekwisha kuambiwa. Na wanaume wale wawili waliokula wali wa nazi kitandani kwangu ndio waliomtafutia kazi yake ya kwanza.

Lakini binti yangu sikuweza kumwandaa, na nawaambia hili kwa sababu litawakuta wenye watoto wadogo. Tulimwonyesha uso wangu kila tulipoweza. Alijua kusema “Mama”. Alinibusu kwenye kioo. Tuliridhika.

Siku walipotua Heathrow nilisimama pale wanapotokea abiria kwa saa mbili. Mwanangu alinikimbilia. Mume wangu alishindwa kusema. Binti yangu, aliyekaribia miaka mitatu, alishikwa mkono akaletwa mbele yangu, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni, akasema, “Shikamoo.” Nikasema marahaba. Nikapiga magoti nimkumbatie, akarudi nyuma, akavuta suruali ya baba yake, akamwambia: “Baba, nipe simu nimpigie mama.”

Baba yake alinitazama. Nikamwambia mpe. Nikasogea hatua tatu, nikatoa simu yangu, nikapiga. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniona, akafurahi, akasema, “Mama! Tumepanda ndege!” Nikamwambia, najua mwanangu, nimekuona. Akainua macho akanitazama mimi niliyesimama pale, akarudi kutazama simu, akanitazama tena.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.